Kioo cha mkono: namna ya kukitambua, kukitunza na kutopunjwa unapokiuza

Wasikilizaji wetu wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vya juu milimani wamekuwa wakituuliza swali linalofanana. Nyumbani kuna chombo cha kioo cha zamani. Pengine ni jagi la rangi ya bluu aliloachiwa babu na mzungu wa misheni, chombo cha maua kilichotoka kwenye mnada wa vitu vya mtumba, chupa nene iliyofukuliwa shambani wakati wa kutengeneza ngoro, au shanga za bibi. Je, kitu hicho kina thamani? Na mtu akija na pikipiki akitaka kukinunua, tumwambie nini?

Makala haya yanaeleza kioo kilichotengenezwa kwa mkono ni kipi, kwa nini watu wa mbali, hasa Marekani, wanakikusanya, na wewe uliye huku Ruvuma unaweza kufanya nini kabla ya kukubali bei. Tumeyaandika ili uweze kuyasoma kwenye simu kidogo kidogo, kwa vichwa vya habari.

Kwa ufupi

- Vitu vingi vya kioo vilivyomo majumbani mwetu vimetengenezwa kwa mashine na bei yake ni ndogo.
- Kioo cha mkono kina alama zake. Nyingi zinaonekana kwa macho, bila kifaa chochote.
- Thamani kubwa hutokana na jina la fundi, mwaka, hali ya chombo na historia yake.
- Shanga na vitu vingine vya kale vinavyofukuliwa ardhini vina sheria yake. Usiviuze kabla ya kuuliza.
- Mtu anayekutaka utume pesa kwanza ili akuunganishe na mnunuzi ni tapeli.

Kioo ni nini hasa

Kioo ni mchanga ulioyeyuka. Mchanga safi peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi, ambalo ni gumu sana kulifikia. Ndiyo maana tangu zamani mafundi wamechanganya mchanga na magadi ili uyeyuke kwa joto dogo zaidi, kisha wakaongeza chokaa ili kioo kisiharibiwe na maji. Mchanga, magadi na chokaa, hivyo vitatu ndivyo vilivyomo kwenye chupa ya soda, dirisha la shule na glasi ya chai.

Afrika Mashariki ina magadi ya kutosha. Kiwanda cha Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, kimekuwa kikichimba magadi kwa zaidi ya miaka 100, na sehemu ya magadi hayo huenda kwenye viwanda vya kioo. Hapa kwetu, kiwanda cha Kioo Limited cha Dar es Salaam hutengeneza chupa za vinywaji, na nyingi za chupa hizo ndizo tunazorudisha dukani zikiwa tupu.

Rangi ya kioo hutokana na madini. Chuma kidogo kwenye mchanga huleta rangi ya kijani kibichi, ile unayoiona ukitazama dirisha kwa ubavuni. Kobalti huleta bluu nzito. Shaba huweza kuleta kijani, bluu ya bahari au wekundu, kutegemea moto ulivyoendeshwa. Dhahabu kidogo sana huleta rangi ya waridi. Kwa hiyo kioo chekundu kizuri cha zamani kinaweza kuwa na dhahabu ndani yake, lakini ni kidogo mno. Usikivunje ukidhani utaitoa.

Kioo kilifika huku zamani sana

Kioo si kitu kigeni ukanda huu. Kabla ya kuja kwa meli za Wajerumani na Waingereza kwenye Ziwa Nyasa, kioo kilishavuka milima kikiwa katika umbo la shanga. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa Kisiwani, akiwemo Neville Chittick katika miaka ya 1960, walikuta shanga nyingi za kioo zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, na nyingi kati ya hizo zilitoka India.

Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Misafara ilibeba vitambaa na shanga kuja bara, ikarudi pwani na pembe za ndovu pamoja na watu waliotekwa utumwani. Wakati huo shanga nyingi zilikuwa zinatengenezwa Ulaya, hasa Venisi, Italia, ambako mafundi wa kioo walihamishiwa kisiwa cha Murano tangu mwaka 1291. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa sana, na wafanyabiashara walijua kwamba kila sehemu ina rangi inayotakiwa. Msafara ukileta rangi isiyopendwa, ulikosa chakula njiani.

Tunalikumbusha hili kwa sababu moja. Ushanga mdogo uliookotwa kwenye shamba la mihogo unaweza kuwa ushahidi wa njia waliyopita mababu zetu, wengine wao wakiwa wamefungwa minyororo. Ukiuzwa kwa bei ya soda, ushahidi huo umepotea.

Kioo kingine cha zamani kilikuja na misheni. Kisiwani Likoma, ng'ambo ya ziwa upande wa Malawi, kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Petro lililoanza kujengwa mwaka 1903 lina madirisha ya vioo vya rangi. Wamisheni wa Liuli na wale wa Kibenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899 walileta pia taa, chupa za dawa na vyombo vya mezani. Baadhi ya vitu hivyo vilibaki mikononi mwa wapishi, walimu na makatekista, na leo viko kwa wajukuu.

Kwa nini Wamarekani wanakusanya vioo

Ili uelewe bei, ni lazima uujue mji mmoja wa Marekani unaoitwa Toledo, katika jimbo la Ohio. Mwaka 1888 tajiri Edward Libbey alihamishia kiwanda chake cha kioo mjini humo. Mwaka 1903 Michael Owens, aliyefanya kazi na Libbey, alikamilisha mashine ya kutengeneza chupa bila mtu kupuliza. Kabla ya hapo chupa nyingi zilipulizwa kwa pumzi ya mtu, na watoto walifanya kazi kwenye joto la matanuru. Mashine ile ilifanya chupa ziwe rahisi duniani kote. Upande wa pili, ufundi wa kupuliza ukabaki ndani ya viwanda vichache, ambako mmoja alichora umbo na wengine wakalitekeleza. Jina la fundi halikuandikwa popote.

Mwaka 1962, katika mji huohuo wa Toledo, mambo yakageuka. Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alijiuliza: ikiwa mfinyanzi anaweza kuwa na tanuru lake nyumbani na kufanya kazi yote mwenyewe, kwa nini fundi wa kioo asiweze? Baba yake alikuwa mwanasayansi katika kampuni ya kioo ya Corning, hivyo Littleton alikulia karibu na matanuru makubwa na kuambiwa kwamba kioo ni kazi ya kiwanda.

Mwezi Machi mwaka huo jumba la makumbusho ya sanaa la Toledo lilimpa nafasi kwenye uwanja wake, akajenga tanuru dogo. Jaribio la kwanza lilienda vibaya, kwa kuwa kioo hakikuyeyuka ipasavyo. Dominick Labino, mtaalamu wa kampuni iliyotengeneza nyuzi za kioo, akasaidia kurekebisha tanuru na akaleta gololi za kioo zilizokuwa zinatumika kiwandani kwake. Gololi zile zikayeyuka vizuri, wakaanza kupuliza. Mafunzo ya pili yakafanyika mwezi Juni. Hapo ndipo ilipoanzia sanaa ya kioo ya karakana ndogo nchini Marekani, yaani fundi mmoja au kikundi kidogo, tanuru lao wenyewe, na jina lao chini ya kila chombo.

Mwanafunzi mmoja wa Littleton ni Dale Chihuly, aliyezaliwa Tacoma mwaka 1941. Mwaka 1968 alikwenda Murano akaona jinsi mafundi wa Italia wanavyofanya kazi kwa kikundi. Mwaka 1971 alishiriki kuanzisha shule ya kioo ya Pilchuck katika jimbo la Washington. Mwaka 1976 alipata ajali ya gari nchini Uingereza akapoteza uwezo wa jicho la kushoto, na baadaye akaumia bega. Tangu hapo amekuwa akichora na kuongoza huku wenzake wakipuliza. Kazi zake huuzwa kwa maelfu ya dola.

Wakusanyaji wa leo wanatafuta hasa kazi za miaka ya 1960 hadi 1980, za kizazi hicho cha kwanza. Wengine hukusanya vioo vya viwanda vilivyoendelea kupuliza kwa mdomo, kama Blenko wa mji wa Milton, West Virginia, vyenye rangi kali na maumbo makubwa, au Steuben wa Corning, kilichoanzishwa mwaka 1903.

Je, kioo cha aina hiyo kinaweza kuwepo Mbinga? Inawezekana, ila ni nadra. Wamarekani wamekuwa wakija Tanzania kama wamisheni, madaktari na walimu, na vijana wa kujitolea wa Peace Corps walianza kuja Tanganyika mwaka 1961. Watu huhama na huacha vitu. Lakini kati ya vyombo mia utakavyovikagua, vingi vitakuwa vya kiwandani. Tunalisema wazi ili mtu asijenge nyumba kichwani kabla ya kugeuza chombo na kutazama kitako.

Namna ya kukagua chombo chako

Kaa mahali penye mwanga wa jua la asubuhi, juu ya mkeka au blanketi, kisha fuata hatua hizi.

1. Tafuta mshono. Pitisha kidole ubavuni. Chombo kilichotoka kwenye kalibu ya mashine huwa na mstari mwembamba uliosimama. Kwenye chupa, ufuate mstari huo hadi juu. Ukipita shingo na kuvuka mdomo, chupa ni ya mashine. Ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono, na mara nyingi chupa hiyo ni ya mwanzoni mwa karne ya 20 au kabla.

2. Geuza kitako. Mpuliza kioo humalizia chombo kikiwa kimeshikwa na fimbo ya chuma kwa chini. Kikibanduliwa hubaki kovu la mviringo, ama kali kama kioo kilichovunjika, ama shimo lililosuguliwa likawa laini. Kovu hilo ni dalili nzuri ya kazi ya mkono.

3. Tafuta maandishi. Mafundi wa karakana ndogo huchonga jina na mwaka kwa sindano kwenye kitako, kwa herufi ndogo sana. Piga picha kwa simu kisha uikuze. Angalia pia mabaki ya karatasi ya nembo, na usiibandue hata ikiwa chafu. Kumbuka kuwa jina linaweza kughushiwa, hivyo lisikutoshe peke yake.

4. Tazama povu na uzito. Viputo vichache, unene usiolingana na mdomo usio sawa kabisa ni kawaida kwa kazi ya mkono. Hata hivyo viwanda vya leo huweka viputo kwa makusudi, kwa hiyo dalili hii isomwe pamoja na nyingine.

5. Tazama uchakavu. Chombo kilichokaa mezani miaka 50 huwa na mikwaruzo midogo mingi kwenye ukingo wa kitako, mahali kinapokaa. Kitako kisicho na mkwaruzo hata mmoja kinatia shaka.

6. Tumia taa ya kukagulia noti. Wenye maduka na mawakala wa fedha wengi wanayo. Kioo cha manjano au kijani kinachowaka kijani kikali chini ya taa hiyo mara nyingi kina madini ya urani kidogo. Kina wapenzi wake. Kukiweka kabatini hakuna shida, ila usikitumie kwa chakula wala kinywaji.

7. Gonga taratibu kwa ukucha. Kioo chenye risasi hulia kwa muda mrefu kama kengele na huwa kizito. Ni kizuri kwa maua, lakini usihifadhi juisi au pombe ndani yake, kwa sababu risasi huingia kwenye kinywaji.

Kuna jambo jingine linalohusu mkoa wetu. Tangu vurugu za vito vya Tunduru katikati ya miaka ya 1990, vipande vya kioo vya rangi vimekuwa vikiuzwa kama mawe. Kioo ni laini kuliko yakuti kwa mbali: katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, kioo kiko kwenye 5 na nusu hivi, yakuti iko kwenye 9. Ukikitazama kwa lenzi ukaona viputo vya mviringo, hicho ni kioo. Kipande kilicholainishwa na mawimbi ufukweni ni chupa iliyovunjika zamani. Kinapendeza kwenye mkufu, ila hakina bei ya jiwe.

Kukitunza

Kioo huharibika kwa vitu vitatu: mshtuko wa joto, maji yaliyokaa na mkono usio makini.

Usimimine maji ya moto kwenye chombo cha baridi. Wakati wa kipupwe huku milimani Mbinga, maji ya kuoga yanaweza kukipasua mara moja. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa kitambaa. Usisugue kwa mchanga, majivu wala steliwaya.

Usiache maji ya maua wiki nzima. Maji hula uso wa kioo polepole, ukabaki weupe usiotoka. Kama weupe ni wa chokaa ya maji tu, siki iliyochanganywa na maji huuondoa. Ukibaki baada ya hapo, kioo chenyewe kimeshaharibika. Kila baada ya kuosha, kausha ndani kabla ya kukirudisha kabatini.

Beba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, kamwe usibebe kwa mdomo wala mkono wa jagi. Kikisafirishwa, iwe kwa barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ama kwa meli ya MV Mbeya II, kifunge kwa kanga kwanza, kisha weka kwenye ndoo yenye majani makavu ya migomba pande zote, chini na juu. Jaza ndani yake pia, kwa ulaini. Kisiguse ukuta wa ndoo. Kikipata ufa au kumeguka, bei huanguka sana, mara nyingine hadi karibu na bure.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Anayeviokota anatakiwa kutoa taarifa, na haviruhusiwi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu vya kale nako kunahitaji kibali. Shanga za misafara zinazofukuliwa shambani zinaweza kuangukia hapo.

Ukiokota kitu cha namna hiyo, acha kuchimba. Piga picha kikiwa palepale, weka alama mahali hapo, kisha mwambie mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya. Unaweza pia kuwaendea watu wa Makumbusho ya Majimaji pale Songea. Taarifa ya mahali ndiyo inayoupa ushanga maana. Ushanga mfukoni, usiojulikana umetoka wapi, hauna cha kumweleza mtaalamu.

Chombo cha kioo cha Marekani cha mwaka 1970 hakihusiki na sheria hiyo. Hicho ni mali ya familia na mnaweza kukiuza. Hakikisheni tu kwamba kweli ni chenu. Vitu vya kanisa, shule au zahanati vina wenyewe, hata kama vimekaa stoo miaka mingi.

Na kuhusu zile habari za mali za Mjerumani: watu wamebomoa misingi ya nyumba za zamani na hata kufukua makaburi wakitafuta rupia na chupa zenye "dawa". Hakuna chupa ya zamani yenye maajabu. Iliyofungwa na yenye kimiminika ndani inaweza kuwa na sumu ya duka la dawa la enzi hizo. Usiifungue, na iweke mbali na watoto.

Mnunuzi akija

Usiuze siku ileile. Mnunuzi wa kweli atarudi. Mwombe aseme anadhani ni nini na kwa nini anakitaka, kisha nyamaza umsikilize. Ukimwona ametazama kitako kabla ya kutazama maua yaliyochorwa ubavuni, ujue anaelewa anachokitafuta.

Piga picha nne: chombo kizima, kitako, mdomo, na kingine kikiwa kando ya rula. Tumia mwanga wa mchana, zima taa ya simu. Halafu andika au rekodi kwa sauti historia yake: kilitoka kwa nani, mwaka gani, alikuwa anafanya kazi wapi, nani mwingine anakumbuka. Wazee wakiulizwa sasa watajibu. Historia hiyo huongeza bei, na hata mkiuza, familia itabaki nayo.

Mwenye ndugu anayejua Kiingereza anaweza kutuma picha kwa maktaba ya jumba la makumbusho ya kioo la Corning, katika jimbo la New York, ambayo hujibu maswali ya watu kuhusu kioo. Watasaidia kutambua, lakini hawatoi bei. Bei hujulikana kwa kutafuta kwenye intaneti minada iliyokwisha kufanyika. Tazama kiasi kilicholipwa kweli. Kiasi ambacho muuzaji anaomba hakikuambii kitu.

Usimtumie mtu pesa ya "usajili", "kibali" wala "kumtoa mzungu uwanja wa ndege". Mnunuzi ndiye anayelipa. Na usitoe chombo kwa ahadi ya kulipwa kesho bila maandishi na shahidi.

Je, na sisi tunaweza kutengeneza?

Vijana wawili watatu wametuuliza kama mchanga wa ufukwe wetu unafaa. Kioo cheupe kinahitaji mchanga safi sana wenye chuma kidogo mno, na tanuru la nyuzi zaidi ya 1,000, kisha kioo kipozwe polepole kuanzia nyuzi 500 hivi, la sivyo kitapasuka chenyewe. Tanuru la matofali halitoshi. Usijaribu kuyeyusha chupa kwenye moto wa kuni, zinaruka vipande.

Njia waliyoifuata wenzetu ni kutumia kioo kilichokwisha kutumika. Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, familia ya Nani Croze imekuwa ikitengeneza madirisha ya rangi, glasi na mapambo kwa mabaki ya vioo kwa zaidi ya miaka 40. Arusha, karakana ya Shanga inawaajiri watu wenye ulemavu ambao huyeyusha chupa tupu na kutengeneza shanga, glasi na vyombo vinavyonunuliwa na watalii.

Njia nyepesi zaidi iko Ghana, kwa Wakrobo. Wanasaga chupa kuwa unga, wanajaza unga kwenye kalibu ya udongo, na katikati ya kila tundu wanachomeka kijiti cha jani la mhogo. Kalibu huingia kwenye tanuru la udongo, unga unashikamana bila kuyeyuka kabisa, kijiti kinaungua na kuacha tundu la uzi. Chupa, udongo na mhogo vyote tunavyo. Kinachohitajika ni mwalimu, na tahadhari: unga wa kioo huharibu mapafu, kwa hiyo husagwa ukiwa na maji na kwa barakoa, mbali na watoto.

Somo jingine kutoka Toledo halihitaji tanuru lolote. Littleton alikuwa mwalimu wa ufinyanzi, na alichokidai ni kwamba fundi aweke jina lake kwenye kazi. Vyungu vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kule Kyela, husafiri ziwani kwa mitumbwi na kuuzwa mbali, lakini jina la aliyevifinyanga halisafiri navyo. Ewe mfinyanzi, mchonga vinyago au msuka vikapu wa Nyasa na Mbinga, andika jina lako, kijiji na mwaka chini ya kazi yako kabla haijakauka au kabla hujaiuza. Haikugharimu kitu. Miaka 60 ijayo mtu atakigeuza chombo hicho atazame kitako, na atajua ni nani wa kumshukuru na familia gani ya kuiuliza.

Una chombo cha kioo au ushanga wa zamani nyumbani? Tutumie picha ya kitako na ya chombo kizima kupitia namba yetu ya ujumbe inayotangazwa hewani. Usiandike kijiji wala jina la mwenye mali. Tutachagua baadhi na kuvizungumzia kwenye kipindi.